Kitabu Nilichokificha Kwenye Rafu ya Kuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha vumbi. Nilikuwa nimefika maktabani Machakos na sketi niliyoipiga pasi mara mbili, nikidhani nitakaa kwenye kaunta niwagongee watu muhuri. Mkutubi wa Tawi, mwanamume mrefu asiyecheka kabla ya chai ya saa nne, aliangalia viatu vyangu, akaangalia uso wangu, kisha akanipa kitambaa na kunionyesha rafu za riwaya.

"Anza A," alisema. "Ukifika Z utakuwa umeijua kazi."

Kazi yenyewe tuliiita kusoma rafu. Jina hilo liliwadanganya wengi waliodhani tunalipwa kwa kusoma hadithi. Kusoma rafu ni kupita kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, ukitazama lebo iliyobandikwa mgongoni mwa kila kitabu, uone kama kimekaa mahali pake. Vitabu vya elimu vilipangwa kwa namba: ukulima na namba yake, mifugo na namba yake. Riwaya zilipangwa kwa herufi tatu za kwanza za jina la ukoo la mwandishi. Msomaji akitoa kitabu hukirudisha popote mkono ulipofika, hivyo kila asubuhi tulikuta Biblia katikati ya mbolea.

"Kitabu kikikaa pasipo pake kimepotea," Mkutubi wa Tawi aliniambia siku hiyo. "Kadi inasema kipo. Msomaji anatafuta hakioni. Na wewe umekuwa mwongo bila kufungua mdomo."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuandikwa. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mtu. Nilirudi kwa baba yangu, kijijini Muthetheni, na watoto wawili, na nikiulizwa sababu nilisema ndoa imenishinda. Hiyo ilikuwa adabu tu. Ukweli ni kwamba niliondoka kabla sijavunjwa mkono wa pili. Kwetu Ukambani, mwanamke aliyerudi anapokelewa, analishwa, lakini kila mtu anaangalia saa kujua ataondoka lini. Ndugu yangu Kioko hakuficha. Kila nikipita na jembe aliniuliza, "Sasa wewe Syombua, uko hapa mpaka lini?"

Jibu nililipata kwenye herufi I.

Ilikuwa kama mwezi wa pili kazini. Nilikuwa nasoma rafu nikafika kwa mwandishi aitwaye Nahashoni Itumo, mtu wa huku huku kwetu, na kitabu chake *Mpaka wa Mikonge*. Nilikifungua ili nifute vumbi, na ndivyo nilivyochelewa kufungua mlango kwa mara ya kwanza. Ni hadithi ya mjane anayeitwa Kalunde. Shemeji yake anang'oa mikonge ya mpaka kidogo kidogo na kuisogeza ndani ya shamba la huyo mjane. Asubuhi moja Kalunde anamwambia, "Shemeji, kama mikonge hii imejifunza kutembea, basi mimi nitaifunza na kurudi." Nilicheka peke yangu kati ya rafu mpaka Mkutubi wa Tawi akaja kuona kuna nini.

Sijawahi kusoma mtu aliyemjua mwanamke wa Ukambani namna ile. Alijua tunavyolala na hesabu ya maji kichwani. Alijua tunavyomjibu mwanamume kwa upole ili neno limfikie akiwa amelala. Nilikisoma mara tatu. Baada ya mara ya tatu nilikwenda nyumbani Jumamosi, nikampa baba uji, nikamwambia nataka kipande changu cha shamba, kwa sababu siendi popote.

Baba alikunywa uji wote kwanza. Kisha akachukua jembe, akanipeleka upande wa mtoni, akapanda mstari wa mikonge kwa mkono wake mwenyewe. Mashahidi walikuwa mimi, wanangu na mbuzi. Hatukuandika popote, na hapo tulikosea.

Kazi ilinipeleka huku na huko. Nilihamishiwa chumba cha kusomea cha Tala, chini ya Msimamizi aliyekuwa mpole kupita kiasi. Huko siku ya soko wasomaji waliingia na kabichi kwapani, na vitabu vyote vilinuka vitunguu. Baadaye nilipewa kazi ya masanduku ya vitabu, tukiyapeleka shule za mbali kama Kivaa na kuyabadilisha kila muhula. Ndani ya kila sanduku nililofunga mimi, Kalunde alikuwemo. Walimu wa kike walikuwa wakinirudishia kitabu kimechakaa, kimefungwa kwa plasta, na hiyo ndiyo sifa ya kitabu. Kinachorudi kisafi hakijasomwa na mtu.

Nilirudi Machakos nikiwa Msaidizi Mwandamizi, na baba alikuwa amefariki. Miaka ile watu walikuwa wanajadili katiba mpya, na kila mahali palipo na benchi palikuwa na ubishi juu ya wasichana kurithi mashamba. Itumo, sasa mzee mwenye jina, alikuwa amepewa safu ya gazeti kila wiki. Niliingojea kama mtu anayengoja barua ya ndugu. Wiki ya kwanza aliandika juu ya Wasomali wenye maduka na biashara za mifugo mijini, kwamba warudi walikotoka. Nilikunja uso, nikajiambia labda ni wiki mbaya. Wiki ya pili ilikuwa zamu yetu.

"Msichana akiolewa amekwenda," aliandika. "Akirudi ni mgeni. Na mgeni hapewi shamba, hupewa chai."

Nilisoma sentensi hiyo nimesimama kwenye kaunta. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliandika vizuri. Ilikuwa sauti ile ile, mzaha ule ule, mkono ule ule uliomwandika Kalunde, na sasa ulikuwa kwenye koo langu.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ukoo umekaa kwetu. Kioko alikuwa ameitisha kikao. Mikonge ya baba ilikuwa imeng'olewa na kupandwa upya hatua kumi ndani ya kipande changu, na Kioko alikuwa na gazeti mkononi, limekunjwa kwenye safu hiyo. Aliisoma kwa sauti mbele ya wazee. Alipofika kwenye chai, wote walicheka.

"Hata wasomi wanasema," alisema Kioko. "Si mimi. Ni Itumo mwenyewe."

Mwenyekiti wa ukoo, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama nina la kusema. Mimi, mwanamke wa maneno, nilikodolea macho gazeti lile. Nilihisi kama mtu aliyesalitiwa na rafiki mbele ya maadui. Mwenyekiti akasema tutakutana tena mwisho wa mwezi, kila mtu alete ushahidi wake. Mimi ushahidi wangu ulikuwa mbuzi, na mbuzi yule tulishamla.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini kabla ya wengine. Nilikwenda herufi I, nikachukua nakala zote mbili za *Mpaka wa Mikonge*, nikazipeleka upande wa mifugo, nikazisukuma nyuma kabisa ya vitabu vya ufugaji wa kuku. Kadi zake niliziacha kwenye treya ya vitabu vilivyopo. Mwenye kutafuta angeambiwa vipo. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu, nikijua ninachofanya, na siku nzima nilijisikia vizuri. Naliandika hili kwa sababu wenzangu wengi wakistaafu husimulia makosa ya wakubwa wao tu.

Aliyenitesa alikuwa Mama Hodan. Huyu alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, na mume wake alifanya biashara ya mbuzi. Alizaliwa Machakos, lakini kusoma alijifunza ukubwani, kwa kidole, neno baada ya neno. Alikuwa amefika katikati ya Kalunde muda wa kuazima ulipokwisha, akakirudisha bila kuchelewa, kwanza akatengeneze kitambulisho kipya cha uanachama. Sasa alikuja kukichukua tena.

"Madam, kitabu yangu iko wapi?"

"Angalia rafuni, Mama Hodan."

"Nimeangalia. Hakuna."

"Basi kuna mtu amekiazima."

"Lakini hii kadi inasema iko." Aliniangalia. "Huyo mtu mpige faini, wallahi. Amekaa nacho sana. Mimi nimewacha Kalunde amesimama kwa shamba ya mtu, na panga mkononi. Sijui alifanya nini."

Alikuja wiki ile, akaja wiki iliyofuata. Kila mara nilimdanganya, na kila mara alinishukuru.

Kisha akaja Mkutubi wa Mkoa kutoka Embu kwa ajili ya kupalilia. Kupalilia maktaba ni kama kupalilia mahindi: unaondoa visivyofaa ili vingine vipate nafasi. Ndani ya jalada la kila kitabu palikuwa na karatasi ya tarehe, ambapo tuligonga muhuri kila kilipoazimwa. Kitabu chenye karatasi kavu kwa muda mrefu kiling'olewa. Mkutubi wa Mkoa alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, naye hakuamini orodha ya mtu. Alipalilia kwa mkono, rafu baada ya rafu, akivuta kila kitabu mpaka ukuta uonekane.

Alipofika kwa kuku nilikwenda kusimama karibu naye. Sijui nilitaka kumzuia au nini. Alivuta vya mbele, akaingiza mkono, akatoa Itumo wa kwanza. Akatoa wa pili. Nakala hiyo ya pili ilikuwa imeliwa na mchwa upande mzima wa chini, kwa sababu rafu ile iligusa ukuta wenye unyevu, nami nilijua hivyo siku zote.

"Hivi vimefikaje hapa?" aliuliza.

"Niliviweka mimi."

"Kwa makosa?"

"Hapana, mkubwa."

Tulikaa kwenye meza ya watoto, magoti yakigusana na mbao, nikamweleza yote: gazeti, Kioko, mikonge. Alinisikiliza huku akipangusa mchwa kwa kalamu.

"Hata mimi simpendi huyu mzee," alisema mwishowe. "Wiki iliyopita ameniharibia chai na safu yake. Lakini sikiliza, Bi Syombua. Humu ndani kuna vitabu vinavyowatukana watu wa kwetu kwa jina, na mimi ndiye niliyeviagiza. Ukimficha huyu kwa sababu yako, kesho atakuja mwingine amfiche Kalunde kwa sababu yake. Utamwambia nini?"

Alifunika kalamu yake.

"Utaandika barua ya kujieleza," akasema. "Kurasa mbili. Nakala hii moja umeiua, kwa hiyo nitaigonga muhuri wa IMEONDOLEWA na wewe utaichukua uende nayo. Nyingine irudi kwenye rafu yake leo hii."

Niliandika barua hiyo, na iko kwenye faili langu mahali fulani mpaka leo. Nakala nzima niliirudisha herufi I, kisha nikabadili mawazo, nikaichukua, nikavuka barabara mpaka dukani kwa Mama Hodan. Nilimwambia ukweli wote juu ya kaunta yake, kati ya vitambaa vya maua. Nilidhani atanifukuza.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa amekiazima?"

"Hakuna. Ni mimi."

"Na ulifanya hivyo juu ya gazeti."

"Unajua aliandika nini juu ya wanawake kama mimi?"

Alicheka mpaka akashika mtungo wa vifungo usianguke. "Madam! Na mimi je? Alisema turudi tulikotoka. Mimi nilizaliwa hapo juu, hospitali ya Machakos. Nirudi wodi gani?"

"Na bado unakitaka kitabu chake?"

"Kwani ni yeye nataka? Mimi nataka Kalunde. Huyo mzee abaki na gazeti yake." Alikwisha kukifungua, kidole kikitafuta mahali alipoishia. "Hata kama angekuwa hapa, singemuuliza kitu. Ningemuuliza Kalunde."

Siwezi kueleza vizuri kilichonitokea kutoka dukani mpaka maktabani. Nilikuwa na hasira, lakini sasa hasira ilikuwa na miguu. Saa ya chakula niliingia stoo na nakala yangu ya mchwa. Nilikuwa nimeapa sitacheka. Nilifika kwa mikonge iliyojifunza kutembea nikacheka tena, nikakasirika kwa kucheka, nikaendelea kusoma. Ni kitabu kizuri. Hilo halikuwa limebadilika hata kidogo, na nililia kidogo kwa kulijua.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Muthetheni na nakala hiyo ndani ya mfuko wa unga. Kioko alianza. Alisoma gazeti lake tena, taratibu, akapumzika kwenye chai ili wacheke. Walicheka. Mwenyekiti akanigeukia.

"Haya, mwaitu. Wewe una ushahidi gani?"

Mwaitu ni mama kwa lugha yetu, na aliponiita hivyo nilipata nguvu. Nikasema, "Mimi pia niko na maandishi. Kaka amesoma, naomba na mimi nisome."

Nilisoma nimesimama. Nilianza na mikonge inayotembea, nikimtazama Kioko, na kabla sijamaliza sentensi wazee walikuwa wanapigana mabega kwa kicheko, kwa sababu mstari mpya wa Kioko ulikuwa unaonekana pale tulipokaa, mikonge imenyauka, udongo bado mbichi. Kisha nikasoma pale ambapo Kalunde anawajibu wazee wa kwao: "Shamba halimuulizi mtu alikuwa ameolewa wapi. Linamuuliza jembe lake liko wapi." Hapo hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba walikuwa wameacha sufuria na kusogea.

"Ngoja," alisema mwenyekiti. "Hayo maneno ni ya nani?"

"Ni ya Nahashoni Itumo, asa," nikamjibu, nami nikimwita baba.

"Itumo gani?"

"Huyo wa gazeti."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Kioko aliomba kitabu akakigeuza, akasoma jina kwenye jalada, akasoma jina kwenye gazeti. Sijawahi kumwona amesoma kwa bidii hivyo, hata tulipokuwa shule.

"Basi mtu huyu ana midomo miwili," mwenyekiti alisema. "Mmoja unajua chai, mwingine unajua kulima. Sisi hapa ni wakulima." Akamuuliza Kioko ni nani amekuwa akilima upande wa mtoni tangu marehemu baba akiwa hai. Kioko alitazama chini. Akajibu ni mimi. Mwenyekiti akaamuru mikonge irudi ilipokuwa, na aliyeing'oa ndiye aipande, siku hiyo hiyo, wazee wakitazama. Safari hii tuliandika, tukatia vidole.

Nilifanya kazi miaka kadhaa zaidi, nikastaafu nikiwa na miaka hamsini na tano kama sheria ilivyotaka. Vijana wa maktaba wakati mwingine huja kuniuliza habari ya kupenda kitabu cha mtu usiyempenda, kama vile kuna dawa yake. Mimi sina dawa. Sikuwahi kumsamehe Itumo, na sikuwahi kuacha kumsoma. Wanaosema uchague kimoja hawajawahi kushikwa na njaa ya aina hiyo. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba msimtetee mwandishi kwa sababu kitabu chake kiliwapa furaha, na msikikane kitabu kwa sababu mwandishi aliwatia uchungu. Semeni yote mawili kwa sauti, mkiweza mbele yake.

Mimi niliweza. Wiki mbili baada ya kustaafu nilisikia yuko ukumbini mjini, anatia sahihi vitabu vyake. Nilipanga foleni. Alikuwa amezeeka, mashavu yameingia ndani, lakini macho yalikuwa bado na utani. Nilimwekea nakala yangu mezani. Aliona meno ya mchwa, kisha akaona muhuri.

"Imeondolewa? Mama, waliniondoa kwa nini?"

"Ni mimi niliyekificha, mzee. Kwa ajili ya ile habari ya chai."

Nikamweleza kwa ufupi: kikao, Kioko, mikonge iliyorudi. Watu wa nyuma yangu walikuwa wanakohoa. Uso wake ulifunguka kadiri nilivyosimulia.

"Basi nilikusaidia," alisema kwa furaha.

"Hapana, mzee. Kalunde ndiye aliyenisaidia. Wewe ulikuwa upande wa kaka yangu."

Alikivuta kitabu karibu naye. Kisha akafungua kalamu. "Niandike kwa nani?"

"Andika: Kwa Syombua, mwenye shamba."

Aliandika jina langu kwa mwandiko mzuri wa kizamani, akafika kwenye mkato, kalamu ikasimama. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nyuma yangu mtu aliuliza kuna nini huko mbele. Sikugeuka. Nilikuwa na siku nzima, nilikuwa nimestaafu.

Akaandika.